Wamepewa Njia

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Antena, fundi simu. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, kwa hiyo ukikaa pembeni usicheke sana. Jioni ile, mwanzoni hakuna aliyecheka. Kola, mwalimu wa ushonaji chuoni, alikuja na simu mkononi, uso umemshuka. Mwezi mzima alikuwa anaingiza somo lake kwenye programu mpya ya chuo, ile inayompangia kila mwanafunzi masomo kulingana na anavyojibu. Sasa imemletea ujumbe: "Wanafunzi wako wote wamepewa njia."

— Wamefukuzwa, akasema Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu. Kupewa njia ni kuonyeshwa mlango kwa heshima.

— Wote? Hata yule bibi anayeshona kunishinda?

— Huyo ndiye wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Inahusu nini hapo?

— Kunywa kahawa, utaelewa.

Antena akaweka bisibisi chini.

— Mimi mitambo naijua. Hiyo imeshakunyonya ujuzi wote, imebaki sauti. Kesho utaisikia inakohoa kama wewe.

— Keshokutwa inaenda kwako kula chakula cha jioni, Wakili akaongeza.

— Jamani, nina watoto wanasoma! Kola akafoka, machozi yanamlenga. Wanafunzi wakiondoka nitamfundisha nani? Cherehani?

Nikamsogezea kikombe chake cha kahawa. Hapo akatokea dada mmoja aliyefuata simu yake kwa Antena. Alikuwa ametusikia.

— Samahani, wamepewa njia ya kwenda wapi?

Wakili akachungulia kikombe. Antena akaokota bisibisi. Kumbe hata mmoja wetu hakuufungua ujumbe wenyewe!

Dada akaubonyeza, akasoma:

— "Anayejua kukata, aruke mbele. Anayekosea mikono, aende kwa mwalimu. Anayekosea pindo, aende kwa mwalimu. Anayekosea vifungo..."

— Aende kwa mwalimu! Kola akamalizia, mkono kichwani. Loo! Si iliniuliza, "Akikosea aende wapi?" Mimi nitampeleka kwa nani tena? Nikaandika "kwa mwalimu" kila mahali!

Tulicheka hadi benchi likatumwaga. Nilishusha pumzi utadhani kazi ilikuwa yangu.

Simu ya Kola ikaita.

— Mwalimu, shati langu lina mikono miwili ya kushoto.

— Usilifumue, nakuja!

Alipokata, ikaita tena. Akaipokea huku anakimbia, kahawa yake bado inafuka moshi. Hata kona hajafika, tukasikia simu nyingine inaingia.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Wakili, na safari hii hakuna aliyembishia.