Kungumanga la Baba Yenu

Himid, sogea karibu, sikio langu la kushoto lishatangulia mbele ya haki. Na wewe Tamima usiondoke kwa sababu kaka yako amekaa, kitanda hiki kina pande mbili, kila mmoja achukue upande wake. Bi Mwanapili, jirani yangu, yeye atabaki hapo mlangoni awe shahidi, maana haya nnayoyasema ni wosia, na sitaki kesho mmoja wenu aseme mama alikuwa anaweweseka. Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mimi Thuwaiba mama yenu nnasema haya akili zangu zikiwa timamu, pumzi ndo zinanitoroka.

La kwanza ni tanuri. Lile tanuri dogo la uani nimelifunga kwa udongo juzi, moto umeshazimika, lakini ndani bado lina joto na halipoi upesi. Msilifungue. Mimi ntapoa kabla yake. Mtanikosha, mtanisalia, mtanizika, mtarudi hapa na watu wa matanga, na mkiliwekea mkono mtalikuta bado lina vuguvugu. Liacheni mpaka liwe baridi kabisa, kisha mlifungue nyinyi wawili, mkiwa pamoja, asilifungue mmoja peke yake.

Tamima, usilie mapema, nna mengi na sauti ni moja.

Baba yenu Ghanim alikuwa sonara, na chumba kile cha chini kilikuwa kinanuka makaa ya vifuu tangu siku nilipoingia nyumba hii nikiwa biharusi. Alikuwa akitengeneza karafuu za fedha za kutia kwenye mikufu. Anachukua karafuu ya kweli, mbichi, na kikonyo chake, anaivisha udongo laini, kisha udongo mwengine mzito juu yake, anauacha ukauke kivulini halafu anauchoma. Karafuu inaungua ndani, inabaki majivu, anayapuliza yatoke kwa tundu aliyoiacha, na pale palipokuwa na karafuu pamebaki patupu penye sura yake. Hapo ndipo anapomimina fedha. Nilimuuliza, bwana wee, kwa nini unaunguza karafuu nzima kabisa? Akanijibu kwamba karafuu ziko tele Unguja, mke wa kumvisha ndo mmoja. Alikuwa na maneno hayo baba yenu, ndo maana mama yangu hakumwamini mpaka alipozaliwa Himid.

Na kila akienda shamba Tunguu hakurudi mikono mitupu. Mfukoni mwa kanzu yake mtatoka tunda la mvinje, kokwa la kunazi, ua la kilua, mbegu ambayo hata jina lake halijui. Ananipa mkononi, na mimi naviweka kwenye zidaka za ukutani, kimoja kimoja. Wenzangu walikuwa na sahani za kichina zidakani mwao, mimi nna kokwa. Sikuona haya.

Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule wa sitini na nne alinipa kungumanga, bichi, bado limevaa wavu wake mwekundu. Akasema, hili utalikuna kwenye tambi za futari ya mwanzo. Siku ya pili yake asubuhi watu walimwita mlangoni kwa jina lake. Akajibu, "Naam," akavaa makubadhi yake akatoka. Watu wale siwajui, na lau ningewajua nisingekwambieni, kwa sababu sikukuleeni mje mkatafute watu. Hakurudi. Wala hatukupewa maiti, wala hakutokea mtu wa kutwambia ameonekana pahala fulani.

Majirani walikuja na mabusati yao wakae matanga, na mimi nikawarudisha pale pale mlangoni. Bi Mwanapili alikuwepo, muulizeni nilivyowarudisha. Eda sikukaa. Eda ni ya mjane, na mimi nilijihesabu nna mume aliyechelewa. Ramadhani ile sikuifunga hata siku moja, mwili ulikataa, na nyengine baada yake nilizifunga kwa kubahatisha. Hilo ni deni langu kwa Mola, na nakuombeni mnifungie nyinyi, mgawane, au mlishe maskini kama mtakavyofundishwa na wanaojua.

Basi mwaka uliofuata wadudu wakaingia zidakani. Ua la kilua lilikuwa limeshakuwa vumbi zamani, lakini sasa nikaona na makokwa yanatoboka, nikishika moja linanibomokea kiganjani. Nikasema, hata hivi vinaniondokea? Nikaikumbuka kazi yake. Fedha hatukuwa nayo tena, ilichukuliwa na waliokuja kupekua, lakini vioo vilikuwa tele, madirisha ya mji yalikuwa yamevunjwa na hakuna aliyekuwa na habari ya kuzoa. Nikawa naokota vigae vya vioo natia kwenye pakacha. Watu wakacheka, wakasema Bi Thuwaiba anapika vioo, na huyu shoga yangu hapa mlangoni akauliza kama ntatia na nazi.

Sikujua chochote. Moto wa sonara haukutosha kioo, nikamwendea Machano wa Tunguu, mchoma chokaa, aliyekuwa akijuana na baba yenu. Akaja kunijengea tanuri, akanifundisha kulilisha mkaa polepole. Kalibu ya mwanzo, lile ganda la udongo, nilisahau kuipaka chokaa ndani, kioo kikagandana na udongo, nikagonga mpaka nikavunja vyote viwili. Mara nyengine nilichanganya kioo cha chupa na cha dirisha, vikayeyuka pamoja vizuri, na vilipopoa vikaachana. Mara nyengine tena sikuweza kusubiri, nikalifungua tanuri siku ile ile nione, upepo ukaingia, nikasikia "ta", mlio mdogo tu, na kazi yangu ikawa vipande viwili. Machano hakunilaumu. Alisema, "Bi Thuwaiba, wewe hupiki wali. Funga, nenda kalale, rudi likishakusahau." Ndivyo nilivyojifunza kungoja, mimi niliyekuwa nadhani nnajua kungoja.

Tunda la mvinje ndilo lililotoka zima la kwanza. Rangi yake ya kijani, na kila kijitundu chake kipo. Mlipofurahi nyinyi, mimi nilikwenda chumbani nikalia, na hamkujua kwa nini, na leo nakwambieni. Nilipolipuliza lile jivu litoke kwenye kalibu lilinimwagikia mkononi, na lilikuwa ni kitu alichokishika yeye. Ukitaka sura ya kitu ibaki lazima ukiunguze kitu chenyewe. Hakuna namna nyengine katika kazi hii, nimeitafuta. Basi nikawa namaliza vitu vya mume wangu kimoja kimoja, huku nasema navihifadhi, mpaka zidaka zikajaa vioo na pakabaki kungumanga tu, ndani ya kijaluba changu. Hilo nilisema siliunguzi. Hilo atakuja kunikunia mwenyewe.

Himid, nipe maji. Kidogo, tia kwenye kijiko.

Wewe ulikwenda kwa kadhi bila ya kuniambia, ukauliza lini baba yako atahesabiwa amekufa. Niliposikia nilikwambia unamuua baba yako kwa ajili ya vyumba viwili na ua. Dada yako akachukua maneno yangu akayafanya yake, na tangu hapo mnapishana kwenye ngazi kama wapangaji. Ulikwenda vibaya, Himid, ungeniambia kwanza. Lakini ulichokisema kilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nakijua tangu Ramadhani ile. Niwie radhi. Na wewe Tamima, mtu uliyekuwa unamtetea ni mimi, si baba yako, na mimi sasa nnakwenda zangu. Huna tena wa kumtetea. Zungumza na kaka yako.

Maradhi haya yaliponianza nilifungua kijaluba nikalitazama lile kungumanga, limekauka, wavu wake umekuwa kahawia, na nikaona nikifa nalo mtalirithi nyinyi. Mtaliweka. Mtaangalia mlango kama nilivyouangalia mimi, kila makubadhi yakilia uchochoroni. Nimewarithisha nyinyi umasikini na maneno makali, sitaki kuwarithisha na kungoja. Tamima, najua ulilitafuta jana ukalikosa. Nimelichoma, mama. Ndilo lililomo tanurini. Nilitia kioo cha dirisha la chumba chetu, nilichokuwa nimekiweka kando.

Sijui limetokaje. Huenda limepasuka. Likipasuka lichukueni hivyo hivyo.

Sasa shikeni haya, nnachoka. Nyumba igaweni kwa sheria, mirathi ya baba yenu kwanza, kisha yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia. Zana za kazi apewe Tamima, ana mikono ya baba yake. Machano mpelekeeni kanzu ile ya Ghanim iliyomo sandukuni, haijavaliwa. Mimi nizikeni upesi, msimngoje mtu, hakuna anayekuja. Mkishajenga kaburi langu na kulipaka chokaa, kile kioo kitieni humo, upande wa kichwani, chokaa ingali mbichi, kama wazee wa zamani walivyokuwa wakitia sahani makaburini. Akitokea wa kusema si dini, mwambieni ni ujinga wa marehemu mama yenu, atanyamaza. Na mkija kunisomea, msomeeni na baba yenu hapo hapo. Hana pengine pa kusomewa.

Radhi zangu nnakupeni wote wawili, hapa na huko nnakokwenda. Mungu akukutanisheni kwenye kula na kwenye kuzikana. Akupeni watoto watakaofunga mlango jioni... wakalala.

Tamima, mkono wako. Na wako, Himid. Hapa, juu ya kifua changu.

Kuna neno nililikataza katika nyumba hii. Ukilisema mtoto nakupiga, akilisema mgeni namtoa. Leo nnataka nilisikie. Anza wewe, Himid, wewe mkubwa. Sema, marehemu baba yetu.

...

Na wewe, mama. Taratibu. Sema.

...

Ahsanteni. Sasa mimi.

Marehemu... marehemu Ghanim. Mume wangu.