Apollonia Thielges, Aliyengoja Siku Kavu

Mama Apollonia Thielges alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 hapa Reilbach, kando ya mto Mosel, akiwa mtoto wa pekee wa marehemu Nikolaus na Odilia Hayer. Baba yake alikuwa vitani.

Alisoma shule ya kijiji na kumaliza darasa la nane mwaka 1957. Alipenda hesabu, lakini mlima wa mizabibu ya kwao ulimhitaji, naye hakuulaumu hata siku moja.

Mlima wa Leyenstieg mnaujua. Trekta haipandi. Kila mzabibu una nguzo yake, na udongo unaoporomoshwa na mvua lazima urudishwe juu kwa kikapu cha mgongoni. Mama alifanya hivyo tangu usichana. Aliusifu mlima ule kuliko nyumba yake: unatazama jua hadi jioni, mto unaurushia mwanga, na yale mawe meusi membamba hutunza joto usiku, hivyo zabibu huiva taratibu hadi Oktoba. Majirani wa pande zote mbili waliacha, kwao sasa ni miiba. Mama hakuacha hata safu moja.

Tarehe 14 Mei 1966 alifunga ndoa na Alwin Thielges, mtoto wa wakulima wa viazi. Siku yake ya kwanza mlimani, Alwin aliteleza kwa makalio hadi kwenye ukuta wa chini.

“Wewe bwana, shamba liko huku juu!” Mama alimwita.

“Nilikuwa naangalia njia ya kurudi kwetu,” Alwin akajibu.

Hakurudi kwao. Walijaliwa Veit na Roswitha. Alwin alitangulia mwaka 2009.

Moyo ulianza kumsumbua Mama mwaka 2021. Akawa anakaa dirishani akiutazama mlima kwa darubini, simu mkononi.

“Jule, huo mzabibu umeufunga kama mzigo wa kuni!” alimwambia mjukuu wake.

“Basi panda mlima, Bibi, uje unionyeshe!”

“Nikipanda utalia wewe.”

Mwanzoni mwa mwaka huu Veit aliumia nyonga, hawezi kupanda, na hofu ya Mama ikawa moja tu: nani atapinda matawi mwaka huu? Matawi hupindwa na kufungwa kwenye nguzo Machi, hewa ikiwa na unyevu. Yakikauka hukatika, na mavuno yanakwenda nayo. Februari alituita sisi wa nyumbani.

“Nikifa wakati wa kupinda, msinizike siku ya mvua. Siku hiyo mpande mlimani.”

“Mama, watu watasema nini?” Veit aliuliza.

“Watasema Thielges wamefunga mizabibu yao.”

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Machi 2025. Mvua ikaanza. Mlituuliza barabarani kwa nini marehemu anacheleweshwa. Sababu ndiyo hiyo. Mawe yaliteleza kama sabuni. Jule alipanda, na mama yake, Annegret, akamfunga kamba kiunoni. Jule aliona haya, lakini hakuifungua. Jana jioni alifunga tawi la mwisho, akasema mlima ataushika yeye.

Mama ameacha watoto wawili, Veit na Roswitha, mkwe, Annegret, na wajukuu Jule na Korbinian. Kutoka hapa kaburini mnauona mlima: mizabibu imefungwa yote, hadi juu. Leo kumekauka, hakuna kazi inayotudai kule. Tunamzika bila haraka.

Mama yetu, pumzika kwa amani.