Nyonga ya Kauri

Kwenye tuktuk ya Kiamunyi niliyokuwa nimepanda, Mzee Kihara alimwambia mama aliyeketi kando yake kwamba daktari anataka kumwekea nyonga ya kauri. "Kauri si ni ya vikombe? Nikianguka itapasuka."

"Mimi ninayo," alijibu mama huyo, Jepleting, mkulima wa Njoro. Nilikuwa nimemwona akiingia kwenye tuktuk na sikugundua lolote katika mwendo wake. "Nilikuwa natambaa kwenda choo, mzee. Juzi nimecheza kwa harusi ya binti yangu mpaka wapigaji ngoma wakachoka."

"Wewe una nguvu. Mimi nimezeeka, sitakubali."

Tuktuk ikasimama. Jepleting akashuka bila kushika chochote, akabeba kikapu chake, akaanza kupanda kilima.

"Dereva, ngoja kidogo," Kihara akanong'ona. "Wacha nione akifika juu."

Dereva akazima injini, sote tukatazama.