Bi. Tupokigwe na Safu ya "Tukio la Pekee"

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Tupokigwe Mwakatobe, Msimamizi wa Ubora wa Majani Mabichi, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na minne. Wengi tunajiuliza nani sasa atatusumbua kwa maswali.

Aliingia mwaka 1991 akitokea Kisondela, akapangwa kwenye unyaushaji, yaani kuyapunguza majani maji kabla ya kusagwa. Hata mwezi haujaisha, akataka kujua kwa nini kengele ya chai inapigwa saa nne na dakika kumi, na si saa nne kamili. Wakubwa walimwambia ni utaratibu. Yeye akauliza wazee mmoja mmoja kwa wiki tatu, hadi akagundua kwamba meneja mmoja wa zamani alikuwa na saa inayochelewa. Kengele ikarudishwa saa nne, na sisi tunaopenda chai tunamshukuru hadi leo.

Mwaka 2014 alipelekwa Mbeya kwa mafunzo ya kuboresha kazi kwa hatua. Alirudi na hatua tano, akaziandika kwa kalamu nene kwenye boksi la chai na kulitundika ukutani: eleza tatizo, pima, tafuta chanzo, rekebisha, linda ulichorekebisha. Ole wako uruke hata moja. Kwa njia hiyo alipunguza foleni ya malori getini na kumaliza ugomvi wa miaka kuhusu magunia yanayochanganyika.

Lakini hatua hizo aliwahi kuziruka yeye mwenyewe, na aliyeumia ni mimi ninayeandika haya.

Mwaka 2016 majani ya banda la Suma, ninakopima chai ya wakulima, yalianza kufika kiwandani yakiwa yameungua. Ukiingiza mkono kwenye gunia unakuta joto, na majani yamegeuka mekundu. Si kila siku. Wiki hii mara moja, ijayo mara mbili. Kiwanda kilitaka kulifunga banda, wakulima wabebe mizigo yao saa nzima kwa miguu hadi banda la jirani. Bi. Tupokigwe alikuwa na haraka siku hiyo. Aliandika barua kwamba karani, yaani mimi, ni mzembe na aondolewe.

Barua ilikuwa mezani kwa meneja, haijasainiwa, Bi. Tupokigwe alipoinua macho akaliona boksi lake ukutani. Aliomba apewe mwezi mmoja.

Alipitia fomu zangu zote za kila siku. Lori lilifika saa tisa, kama kawaida. Mvua haikuhusika. Na kwenye safu ya "tukio la pekee" nilikuwa nimeandika "hakuna", siku zote. Alinipigia simu mara nne kuniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia ninao, tena kwa hasira kidogo.

Akaja mwenyewe na kipimajoto, bila taarifa. Alikuta banda limejaa magunia yaliyoshindiliwa na kufungwa, na hakuna mtu isipokuwa kuku. Aliuliza njia, akatukuta wote makaburini, tunamzika bibi wa jirani. Kumbe siku ya maziko watu huchuma alfajiri, huacha mizigo bandani saa tatu na kwenda msibani, karani akiwemo. Majani ambayo siku nyingine hungoja saa mbili yalikuwa yanangoja saa sita.

Alipotuuliza kwa nini hatukusema, Mzee Amoni, mmoja wa wakulima, alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa mama, msiba nao ni tukio la pekee? Si ndivyo tunavyoishi?"

Alirudi na daftari la misiba la kijiji, akalinganisha tarehe. Kati ya siku kumi na saba mbaya, kumi na tano zilikuwa za maziko. Hakumwambia mtu aache kuzika. Alijengesha chanja za kutandazia majani, na akapanga kwamba msiba ukitangazwa, napiga simu na lori linaanzia Suma asubuhi. Banda halikufungwa.

Angeweza kuishia hapo, kwani barua yake hatukuijua. Badala yake alikuja siku ya mizani, akasimama mbele ya foleni na kusema kwa Kinyakyusa kwamba aliniandikia uzembe kabla ya kupima, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba anaomba radhi. Mama yangu alikuwa kwenye foleni ile na kikapu mgongoni. Wiki nyingi alikuwa akisikia watu wakisema mwanawe anaharibu chai yao. Alikitua kikapu, akamshika mkono.

Bi. Tupokigwe, ndaga fijo, asante sana. Kastaafu vyema huko Kisondela, migomba yako istawi, wajukuu wakuchoshe kwa maswali kama ulivyotuchosha. Tunakutakia siku njema na nyingi.

Lugano Mwaipopo
Karani wa Mizani, Banda la Suma, mwaka wa kumi na tano