Wimbo Wangu Ulipopendwa na Kila Mtu

Ndugu zangu, mnivumilie kidogo. Nimezoea kusimama mbele za watu nikiwa na gitaa tumboni, na leo sina, kwa hiyo mikono yangu haijui ikae wapi. Wakubwa zangu, shikamooni. Wa msikitini na wa kanisani, wote nawasalimu. Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyofika kwenye kikundi hiki cha waliofiwa. Nimekubali, ila jina la mtu sitalitaja. Wanaojijua watajijua.

Mimi mnaniita Mama Gitaa. Sikujaliwa mtoto, basi watu wa Masasi wakanipa jina hilo, mwanzoni kwa kunicheka, baadaye kwa mazoea. Kwetu ni Kitangari. Nimekua nikifuata maji bondeni na kuokota korosho kama binti yeyote wa kule juu mlimani. Muziki aliniletea kaka yangu. Alikuwa fundi umeme kwenye karakana moja huko Ndanda, na mgeni mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akifundisha ufundi alipoondoka alimwachia mfuko wa kaseti. Tulizisikiliza nyumbani kwa mama. Magitaa yanakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe, na mwimbaji anaanza kwa kunong'ona kana kwamba yuko peke yake chumbani, halafu anapasua sauti. Mama alisema, "Huyu mtu anaumwa, wampeleke hospitali." Mimi maneno sikuyaelewa hata moja, lakini niliona kama ananifahamu.

Kaka alinisimulia alivyoelezwa na yule mgeni. Kwamba roki ilikuwa imeshakuwa muziki wa viwanja vikubwa na nguo za kumetameta, na hawa wa kwenye kaseti walikuwa watu wa pembeni, ndiyo maana muziki wao ukaitwa roki mbadala. Walipiga kwenye vyumba vya chini ya nyumba na kwenye kumbi za wanafunzi. Redio kubwa hazikuwataka, nyimbo zao zikapigwa na redio ndogo za vyuoni. Walirekodi wenyewe, wakauziana kaseti mkono kwa mkono. Ikaenda hivyo miaka mingi. Halafu nyimbo zao zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni, kutwa kucha, na kila kijana akazitaka. Kampuni zilizokuwa zimewafungia milango zikaanza kuwatafuta. Hata yale mashati yao yaliyochakaa yakauzwa madukani, mapya kabisa, yamechanwa kiwandani. Muziki wa pembeni ukawa ndio muziki wenyewe.

"Basi walifurahi," nikamwambia kaka.

"Wapo waliofurahi," akasema. "Lakini mgeni anasema wapo walioanza kuumia hapo hapo. Walizoea kuwaimbia watu wachache wenye machungu kama yao. Sasa ukumbi umejaa, na hawajui tena ni nani anayewasikia."

Nilikuwa msichana wakati huo. Nilichukulia kwamba hayo ni mambo ya huko kwao.

Kaka akanitengenezea gitaa la umeme, spika akaitoa kwenye redio mbovu. Nikajifunza. Nilipokuja kuishi Masasi nikampata mume kwa muziki huo huo. Alikuwa fundi pikipiki, na ngoma alizipiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Kaka alipiga besi. Watatu sisi, tukawa tunapiga nyuma ya mashine ya kusaga, jioni mashine ikishazimwa. Tuliimba Kiswahili, mara nyingine Chimakonde. Watu wakipita wanaziba masikio. Tulialikwa harusi moja, tukaombwa tuache kabla bibi harusi hajaingia.

Lakini tulikuwa na watu wetu. Muuguzi mmoja, fundi cherehani mmoja, wanafunzi kidogo, na mzee mmoja asiyesikia vizuri aliyesema muziki wetu anausikia kifuani. Tukikosea wanacheka, tukipatia wananyamaza. Nawaambia ukweli, sikuhitaji zaidi ya wale.

Kisha mume wangu akaugua. Wengi wenu mnajua safari za hospitali zinavyokwenda, sina haja ya kuwaeleza. Alifariki mvua ndiyo zinaanza. Haukupita muda kaka naye akapata kazi Mwanza, na kazi haisubiri, akaenda. Nikabaki mimi na nyumba.

Sasa, kuna jambo nililolifanya ambalo wajane hapa mtalielewa. Siku moja nilipika, nikapakua, nikatazama mezani, nikaona nimeweka sahani mbili. Kesho yake tena. Sikuwa na mtu wa kumweleza, basi nikalitungia wimbo. Niliurekodi kwa simu mchana, nimeketi sakafuni, gitaa linakwaruza, sauti yenyewe imekauka. Nikamtumia kaka peke yake.

Kaka alilia, akamtumia rafiki yake. Rafiki akamtumia mwingine. Ndugu zangu, mimi sijui vitu hivi vinavyotembea. Nilikuwa sokoni nanunua nyanya nikasikia sauti yangu inatoka kwenye pikipiki ya bodaboda. Nikasikia kwa kinyozi. Redio ikaupiga. Watayarishaji wa studio moja ya Mtwara wakanitafuta kwa adabu tu, wakaomba wauongezee midundo, wauchangamshe, nikakubali. Na ule uliochangamshwa ulipotoka, hapo ndipo wimbo ulipoenea kabisa. Vijana ambao hawajawahi kusikia roki maisha yao wakawa wanataka gitaa lao likwaruze. Msimu wa korosho ulipofika hakukuwa na sherehe Masasi wala Newala ambayo haikuupiga.

Nikaalikwa kuuimba kwenye harusi Newala. Safari hii hakuna aliyeniomba niache. Nilipogusa waya wa kwanza, uwanja mzima ukaruka. Na walikuwa na mtindo wao, kumbe ulikuwa umeshaenea na mimi sina habari: kila mtu ameshika sahani mbili, anazipunga juu, anacheka. Wengine wamelewa uraka, pombe yetu ya mabibo, wanagonganisha sahani hadi zinapasuka. Mama wa bibi harusi ndiye aliyekuwa mbele kabisa, kanga imelegea, jasho linamtoka, anaruka kuliko vijana. Mimi naimba kwamba mume wangu hayupo, na wao wanaitikia kwa vigelegele.

Nilifika ubeti wa pili nikashindwa. Sikulia. Mdomo ulikataa tu. Muziki wa studio ukaendelea wenyewe kwenye spika, wakaendelea kuruka, na nadhani hakuna aliyegundua kwamba nimenyamaza. Nikafungasha gitaa nikaondoka.

Sikurudi Masasi. Nilikwenda Kitangari, kwenye nyumba ya marehemu mama, nikajifungia. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Watu walikuja, tena wengi. "Tupige picha, Mama Gitaa." Wanapiga, wananionyesha nilivyotoka, wanaondoka. Simu yangu ilikuwa na watu wengi kuliko soko la Masasi, na kati yao hapakuwa na wa kuniuliza kama nimekula. Wale wetu wa nyuma ya mashine sikuwaona. Nadhani waliona sasa nina watu wangu wakubwa. Nikaacha kupika. Nikaacha kuoga, nasema tu kama ilivyokuwa. Gitaa nikaligeuzia ukutani. Kaka akipiga simu namwambia niko salama, naikata. Kuna asubuhi nilikaa kitandani nikajiuliza kama nikifa hapa watajua siku gani, na sikuona kama ni jambo la kusikitisha. Mimi nilikuwa nimefika hapo.

Siku hiyo hiyo ikapigwa hodi. Sikuitika. Ikapigwa tena. Nikafungua ili nimfukuze, nikamkuta mama wa bibi harusi, yule wa harusi ya Newala. Ametoka Lisekese, huko huko Masasi, anakoishi, pikipiki ndiyo inageuza barabarani, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Sikuja kupiga picha," akasema. "Hiyo simu yangu yenyewe haina kamera."

Nikamwambia sina cha kumkaribishia. Akasema hakuja kula. Akaketi kwenye kizingiti, akavua kandambili, akazikung'uta vumbi. Kisha akaniuliza, "Ile sahani ya pili. Chakula chake ulikuwa unakipeleka wapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu wote walioruka, waliopiga picha, hata redioni walikonihoji.

"Nilikuwa nakila," nikamjibu. "Namaliza changu, nakaa upande wake, nakula na chake."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi changu nakifunika mpaka asubuhi. Mwanangu ananikemea, anasema naleta panya."

Kumbe naye alikuwa mjane. Mumewe alifariki kabla ya kumwoza binti yao. Nikamuuliza, na nakiri niliuliza kwa hasira, "Sasa mbona uliruka vile?"

"Ningefanya nini?" akasema. "Watu wamejaa, mwanangu anaolewa, siwezi kulia. Ukaja wimbo unaotaja sahani mbili. Nikazishika, nikaruka nazo. Siku ile nzima hakuna aliyemtaja baba yake ila wewe. Nilikutafuta baadaye nikushukuru, nikaambiwa umeondoka."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Akaniambia tena, "Dada, na usiwachukie wale vijana. Wasingeuruka, mimi ningeusikilizia wapi? Nyuma ya mashine yenu mimi ningekuja kufanya nini?"

Ndugu zangu, nililia siku hiyo. Alinichotea maji yaliyobaki ndani akanisugua mgongo kama mtoto. Akapika uji. Alilala kwangu, na kesho yake tukashuka pamoja bondeni kuchota maji, polepole, maana miguu yangu ilikuwa dhaifu. Njiani akanieleza habari za kikundi hiki.

Sikupona hapo hapo. Mikutano ya mwanzo nilikaa pale mwisho, sikusema neno, na hamkunilazimisha. Gitaa nilikaa miezi bila kuligusa. Sasa nalipiga. Na wakiruka nawatazama usoni mmoja mmoja, kwa sababu sijui ni yupi kati yao aliyebeba kitu. Wengine wanaruka tu, nao ni haki yao. Upweke haujaisha, sitawadanganya. Jioni bado ni ndefu. Ila sasa najua nyumba ya kwenda.

Namshukuru mama huyu, amekaa pale anainamisha uso. Namshukuru kaka, aliyepanda basi kutoka Mwanza nilipomwambia kweli. Nawashukuru ninyi kwa kunivumilia nilipokuwa kimya.

Ninalowaachia ni hili. Ukimwona mtu anashangiliwa na umati, usidhani ana watu. Nenda kwake, umuulize kitu kidogo, cha nyumbani, kisha usubiri ajibu.

Nimemaliza. Naomba leo msinipigie makofi. Pale ninapokaa pana nafasi kwenye benchi, pande zote mbili. Atakayependa, aje tukae.