Toroli la Manang Tarcila Lilipochelewa Kurudi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, dada yetu mkubwa, Manang Tarcila Gumban, anastaafu baada ya kusukuma toroli la chakula la ghorofa ya pili ya hospitali yetu, hapa Iloilo, Ufilipino, kwa miaka thelathini na mmoja. Mengi ya haya yalitokea kabla sijaajiriwa. Nimeyaandika nilivyosimuliwa jikoni, na pale waliposimulia tofauti nilimwuliza mwenyewe. Alicheka, kisha akasahihisha.

Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kueleza: peleka masinia, kusanya masinia, rudi. Aliifanya hivyo miaka kadhaa. Kisha akagundua kwamba sinia la mzee mmoja wa kitanda cha dirishani lilikuwa likirudi halijaguswa. Mzee alikuwa na mkono kwenye plasta, na aliona haya kuomba kulishwa. Manang Tarcila akavuta kiti.

Tangu siku hiyo hakuacha tu sinia na kuondoka. Alimenya mayai, akatoa miiba ya samaki, na kurudi jikoni na habari: huyu ana jino bovu, yule hapendi majani ya mlonge kwenye supu. Hakuna aliyemtuma.

Jikoni hawakufurahi. Mpishi na kaka yetu mkubwa, Manong Elpidio, kila alipomwona mlangoni alimwuliza kama daktari wa masinia ameandika dawa gani leo. Wagonjwa wa ghorofa nyingine walianza kuuliza mbona wao hawamenyewi mayai, na wasukuma toroli wao wakanuna. Aliyeumia zaidi ni Rosenda, mwosha vyombo. Toroli la ghorofa ya pili lilirudi la mwisho kila jioni, naye akakosa gari la kwenda kwao Pavia.

Kwetu mtu hali huku mwenzake anapita bila kumkaribisha, hata chakula kikiwa kijiko kimoja. Wenzake wakaacha kumkaribisha. Saa tisa alasiri, wakati wa wafanyakazi kula, alipopita kando ya meza yao vilisikika vijiko tu. Msimu mzima wa mvua alikula peke yake kwenye ngazi, na mwishowe akaenda kuuliza kama kuna nafasi ya kazi kwa dobi wa hospitali.

Kabla hajajibiwa, jioni moja Rosenda alimsubiri kwenye sinki.

"Wewe unalisha watu wasio wako, Manang," alimwambia. "Wangu wanalala na njaa wakinisubiri."

Kila anayesimulia anakubaliana kwamba Manang Tarcila hakujitetea.

"Sikulijua hilo, Day," alisema, akimwita kama mdogo wake. "Wahi gari. Vya ghorofa ya pili nitaosha mimi."

Akaviosha jioni ile na jioni zilizofuata, na hakuacha kulisha wagonjwa. Kwa dobi hakurudi kuuliza tena.

Hakuna aliyemwomba radhi, ila mambo yalianza kulegea. Manong Elpidio, bila kumtazama, alimwekea kando bakuli la supu ya kuku isiyo na mlonge, akasema ni ya yule mgonjwa wake msumbufu. Msukuma toroli wa ghorofa ya tatu hamenyi mayai hadi leo, lakini aligundua anaweza kuwaimbia wagonjwa, na wengine humaliza chakula ili anyamaze. Baadaye msimamizi aliona heri matoroli yote yapewe muda zaidi, na uoshaji wa jioni uwe wa zamu.

Lakini hilo lilikuja baadaye sana. Kabla yake, siku moja saa tisa, Manang Tarcila alikuwa akipita kando ya meza kama kawaida yake, akitazama sakafu. Rosenda akasogeza kiti chake pembeni.

"Karibu tule, Manang."

Alikuwa ameshakula kule kwenye ngazi. Aliketi, akala tena, na anasema wali ule ulikuwa umeungua kidogo. Manong Elpidio anakana.

Manang Tarcila, asante kwa mayai yote uliyomenya, na kwa masinia uliyoosha ili mwenzako awahi nyumbani. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele, na wajukuu wasiobagua mlonge. Nyumba yako haiko mbali na lango la hospitali. Ukiwa unapita saa tisa, tutakuita kupitia dirisha la jikoni. Hata kama umeshakula, ingia.