Jibu Nililomnyima Mgema Randu

Mheshimiwa Bwana D.O.; Baba Askofu, pamoja na wachungaji mliotoka Mombasa na Malindi; Mwenyekiti wa baraza la kanisa letu la Kibarani, Mzee Gitau; Bwana Chifu na wazee wa mtaa, shikamooni; ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, asalaam aleikum; akina mama wa chama mliokesha mkipika; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote kwa jina la Bwana.

Mimi Musembi nimekuwa mwinjilisti wenu kwa miaka kumi na saba. Leo nastaafu, na kesho kutwa, nikijaliwa, napanda basi kurudi kwetu Machakos. Mzee Gitau amenisifu hata nikageuka kuangalia nyuma, nione ni nani anayesifiwa. Amesema nimewavuta watu zaidi ya mia tatu kwenye wokovu, nanyi mkapiga makofi. Nakushukuru, Mwenyekiti. Hata hivyo, mtu huvutwa akiwa hataki kwenda, au akiwa hajui anakopelekwa, na hilo ndilo linalonikera leo.

Hapa mbele wameketi watu tisa watakaobatizwa Jumapili ijayo. Hotuba hii ni yao kuliko ilivyo yenu, kwa sababu wao bado wanaweza kuchagua.

Mwaka wa themanini na moja nilikuwa nikimtembelea mzee mmoja, Randu, mgema wa tembo kule ng'ambo ya shamba la makonge. Nilimhubiria miezi minane. Siku moja aliteremka mnazini, akaweka kibuyu chini, akaniambia, "Mwalimu, tembo nitaacha. Lakini nina wake wawili, nawe wawajua. Nikiingia kwenu, itakuwaje?"

Ndugu zangu, jibu nililijua. Liliandikwa katika kanuni za kanisa letu, na kitabu chenyewe kilikuwa mkobani mwangu. Lakini Pasaka ilikuwa imekaribia, baraza lilitaka watu wengi wa kubatizwa, nami nilitaka kuonekana mchapa kazi. Nikamwambia kwa sauti tamu, "Njoo kwanza kwa Yesu, mzee. Mengine tutayaona mbele." Akaja. Akabatizwa Yohana, tukapiga vigelegele, tukapiga na picha.

Wiki sita baadaye nikatumwa nimpelekee uamuzi wa baraza: amrudishe mke mdogo kwao, la sivyo hatashiriki meza ya Bwana. Mke huyo, Kahonzi, alikuwa akitwanga mahindi. Hakuacha kutwanga muda wote niliokuwa nikisema. Randu ni mtu wa kutimiza ahadi, akamrudisha Rabai kwa wazazi wake pamoja na watoto watatu. Kisha akaja kwangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwalimu, nilikuuliza. Mbona hukuniambia nikiwa bado nje?"

Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Basi, Mwenyekiti, katika mia tatu wako mpunguze mmoja. Na Kahonzi je, ambaye hakuwahi kuuliza wala kuulizwa, utamwandika wapi?

Mnisamehe nikisema kwa ukali, maana uchungu huu nimeumeza miaka mitano. Sisi wa bara tulipokuja pwani tulikuja na dhambi za wenyeji tumekwisha kuziorodhesha. Tembo, ngoma, uganga, hirizi: hizo tulizitangaza sokoni kwa kipaza sauti. Uongo wetu, kiburi chetu, kumfokea Mgiriama aliye sawa na baba zetu mbele ya wanawe, hayo tulinong'onezana wenyewe kwa wenyewe, tukayaita udhaifu. Kisha tunashangaa kwa nini asiyeamini hatusadiki! Atusadiki kwa lipi?

Sisemi tuache kutaja dhambi. Anayemwambia jirani yake kwamba hana dhambi anamdanganya, kama nilivyodanganya mimi, tena anamdanganya kwa sababu anapenda kupendwa. Dhambi ipo, na inaua. Lakini tuitaje tukianzia kwetu, mbele ya huyo huyo tunayemhubiria. Tumwambie wokovu ni wa bure, maana kweli ni wa bure. Kisha tumwambie, bila kumumunya maneno, yale ambayo sisi wanadamu tutamdai akishaketi kwenye mabenchi yetu. Akikataa, amekataa akijua. Je, Bwana wetu alimficha nani gharama ya kumfuata?

Mwezi uliopita nilikwenda Rabai kumwomba Kahonzi msamaha. Nilikuwa nimejiandaa barabara, hata machozi nilikuwa nayo tayari. Nilimkuta akipalilia mihogo. Alinipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe wataka utuliwe mzigo upate kwenda kwenu ukalale. Mimi sikutui. Uongo uliusema faraghani, na sifa ukapewa hadharani. Nenda kaseme pale unaposifiwa."

Nikamuuliza kama nikisema atanisamehe. Akacheka, ndugu zangu. Akaniambia, "Kumbe nawe wapenda kujua kabla ya kuingia?"

Nimesema, basi. Na sijui kama amenisamehe.

Sasa nakugeukia wewe, Mzee Mwambire, mmoja wa hawa tisa, uliyeketi karibu na dirisha. Wiki jana, mbele ya darasa zima la ubatizo, uliniuliza swali lile lile la Randu, nami nikakwambia ungoje. Usingoje tena. Ukibatizwa Jumapili, baraza hili litakutaka umrudishe Mbeyu, mkeo mdogo, kwao. Litakwambia baada ya ubatizo, si kabla. Juzi niliwasihi wakwambie mapema, nikajibiwa nisiwaharibie sherehe. Tulia, Mzee Gitau, nakaribia kumaliza.

Je, kanuni hiyo ni ya haki? Nimesoma Biblia miaka thelathini, na sina jibu la kukupa. Hilo nalo ni kweli, ndiyo maana nakwambia. Ninalolijua ni hili: wewe ni mwenye dhambi, na mimi ni mwenye dhambi kukuzidi, na Kristo alikufa kwa ajili yetu sote wawili, na kwa ajili ya Mbeyu pia. Hilo halingoji sahihi ya baraza. Ukikaa, kaa ukijua. Ukiondoka, hapana mtu hapa mwenye haki ya kukuita mpotevu kabla hajajiita mwenyewe.

Naona unanyanyuka, mzee wangu.

Mashemasi, mpisheni. Msimshike mkono, msimnong'oneze kitu. Ninyi wa kwaya, tafadhali msianze wimbo. Mwacheni afike barabarani kwa utulivu.

Ndugu zangu, mtazameni vizuri. Katika miaka kumi na saba huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemhubiria kweli yote, naye anakwenda zake. Laiti Randu naye ningalimpa nafasi ya kuniondokea hivyo.

Kwa subira yenu, na kwa kunitegea masikio hata mlipochukia, asanteni.